Picha ya Mnato kama Kitendawili: Mchezo wa Kubashiri Filamu na Suala la Jibu katika Muktadha wa Mingoyo, Lindi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mchezo wa kubashiri filamu mashuhuri kwa kutazama picha moja tu ya mnato iliyotokana na filamu hiyo. Hoja kuu ni kwamba mchezo huu, ijapokuwa umezaliwa na teknolojia ya sinema, una muundo wa utanzu wa kitendawili; hata hivyo, unatofautiana nao katika namna fumbo linavyojengwa na katika mamlaka ya kuamua jibu. Filamu ya Jurassic Park inatumiwa kuonyesha kwamba jibu linalokubaliwa na kanuni za mchezo laweza kufunika jibu jingine ambalo ni la watu wa Lindi wenyewe.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha mazungumzo neno "picha" hubeba maana mbili. Picha ni taswira iliyopigwa kwa kamera ikabaki imetulia. Picha pia ni filamu, kama pale mtu anaposema kwamba jana usiku alitazama picha ya Kihindi. Uandishi wa kitaalamu umetenga "picha ya mnato" na "picha jongefu", lakini mzungumzaji wa kawaida huuachia muktadha kazi hiyo. Uwili huu wa maana ndio msingi wa mchezo unaojadiliwa hapa: mshiriki mmoja huwaonyesha wenzake picha ya maana ya kwanza, nao hutakiwa kuitaja picha ya maana ya pili. Anayepatia hupokea zamu ya kuonyesha.

Mchezo huu huchezwa na wapenzi wa filamu katika nchi nyingi. Makala haya yanautazama kutoka Mingoyo, kata ya Manispaa ya Lindi ambako barabara itokayo Lindi mjini hugawanyika, moja ikielekea Mtwara na nyingine Masasi. Sababu ya kuteua mahali hapo itadhihirika katika sehemu ya 4.0.

2.0 Muundo wa Fumbo

Mulokozi (1989), katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, anakiweka kitendawili katika kundi la semi. Anasisitiza pia kwamba fasihi simulizi ni tukio: ina fanani, hadhira, mahali na wakati. Kwa kipimo hicho, utegaji wa kitendawili una hatua zinazojulikana. Mtegaji huita "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!", fumbo hutolewa, majibu hujaribiwa, hadhira ikishindwa, mtegaji hudai mji, akishapewa mji na kuukubali, hulitoa jibu.

Hatua hizo zote zimo katika mchezo wa picha. Kuonyesha picha ni kutega, kutaja majina ni kujaribu kutegua, na kupoteza zamu kunafanana na kutoa mji. Tofauti imo ndani ya fumbo lenyewe. Kitendawili cha nyumba isiyo na mlango, ambacho jibu lake ni yai, kimejengwa kwa sitiari: kitu kimoja kinasemwa kwa sura ya kingine. Picha ya mnato haifananishi. Ni sehemu iliyokatwa kutoka katika zima na kusimama badala yake. Kwa hiyo imejengwa kwa majazi. Mteguaji wa yai anaweza kufika kwenye jibu kwa kufikiri peke yake, hata kama hajawahi kukisikia kitendawili hicho. Mteguaji wa picha ambaye hajapata kuiona filamu wala kusikia habari zake hana njia ya kufikiri itakayomfikisha. Kitendawili hupima wepesi wa akili. Picha ya mnato hupima kwanza kumbukumbu.

Hata hivyo, picha hairudishi kumbukumbu tu. Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1970 kuhusu picha zilizotolewa katika filamu za Eisenstein, alidai kwamba picha iliyosimamishwa huonyesha maana ambayo mwendo wa hadithi huificha. Mtazamaji anayebashiri hulazimika kuangalia kitambaa, kivuli au mkono ambao ungempita kama filamu ingeendelea. Kwa maana hiyo mchezo huu ni zoezi la usomaji.

3.0 Hazina ya Pamoja

Mchezo hauwezi kuchezwa pasipo hazina ya filamu inayojulikana na washiriki wote. Swali la kihakiki ni hili: filamu ipi huhesabiwa kuwa mashuhuri, na ni nani aliyeihesabu?

Laura Fair (2018) ameonyesha jinsi watazamaji wa miji ya Tanzania walivyozipenda filamu za Kihindi, mathalani Awaara ya mwaka 1951, na jinsi walivyozijadili hata baada ya kutoka ukumbini. Baadaye vibanda vya video vilileta filamu za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na wasimuliaji kama Lufufu. Katika mazingira hayo filamu hutambulishwa aghalabu kwa "stelingi" wake, na pengine kwa msimuliaji, kuliko kwa jina la mwongozaji au mwaka wa kutolewa. Mchezo unaodai jina rasmi la Kiingereza humhukumu mtazamaji huyo kuwa hajui, ilhali anaweza kuisimulia filamu nzima tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuna pia mafumbo ambayo hayawezi tena kutegwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa majaribio ya filamu za elimu kwa Waafrika, uliokuwa na makao yake Vugiri, Tanga, ulitengeneza filamu 35 hivi. Zinazojulikana kubaki ni tatu tu. Filamu iliyopotea haiwezi kuwa mashuhuri, hata kama Waafrika wengi walipata kuitazama. Kwa hiyo hazina ya pamoja ni matokeo ya hifadhi kama ilivyo matokeo ya ubora.

4.0 Mfano: Mnyama Mkubwa

Itegwe picha moja: mnyama mwenye shingo ndefu amesimama kwa miguu ya nyuma akifikia majani ya mti, na chini yake watu wadogo wanatazama. Jibu la mchezo ni Jurassic Park, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1993. Aliyejibu hivyo amepatia, na zamu ni yake.

Lakini mnyama huyo, Brachiosaurus, ana historia inayoanzia mbali na Hollywood. Jina lake lilitolewa na Elmer Riggs mwaka 1903 kwa mifupa iliyopatikana Colorado, Marekani. Mifupa hiyo haikutosha kuonyesha umbo zima. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ukiongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mwaka 1937 kiunzi cha mnyama huyo, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kilisimamishwa Berlin, na kingali huko. Wanasayansi sasa humwita mnyama wa Tendaguru Giraffatitan. Lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 sura ya Brachiosaurus iliyojulikana duniani, hususan ya kichwa, ilitegemea mifupa hiyo.

Hivyo picha ileile ina majibu mawili. La kwanza ni jina la filamu. La pili ni Tendaguru. Kijana wa Mingoyo anayejibu "mnyama wa kwetu" atahesabiwa amekosa. Kwa mujibu wa kanuni za mchezo hukumu hiyo ni sahihi. Kwa mujibu wa mantiki ya majazi yeye ndiye aliyefika mbali zaidi, kwa kuwa ameirudisha sehemu kwenye zima lililo kubwa kuliko filamu.

5.0 Hitimisho

Mjadala uliotajwa hapa unadokeza mambo mawili. Kwanza, uainishaji wa tanzu za fasihi simulizi unaweza kupanuliwa ili ukumbatie michezo ya kisasa ya kufumba na kufumbua, mradi tofauti ya sitiari na majazi izingatiwe. Pili, katika kitendawili mji hutolewa na aliyeshindwa, kisha jibu hutolewa kwa wote. Lindi ilitoa mifupa, nalo jibu likabaki Berlin. Ndiyo maana mjadala wa kurejeshwa kwa mifupa hiyo haujafungwa. Mwalimu wa fasihi atakayeutumia mchezo huu darasani hana budi kukubali jibu la kwanza, kisha aulize kama lipo la pili.