Mafunzo ya Ngano: Masala Kulangwa na Kosa la Mwanafunzi

Hadithi za dunia iliyoangamizwa na majitu ya kigeni, kisha ikaokolewa na asiyetazamiwa, hudhaniwa kuwa mali ya Wazungu. Ni kweli kwamba mwaka 1898 Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu juu ya viumbe wa Mirihi walioishinda mizinga ya wanadamu, wakaja kuuawa na vijidudu. Lakini mwalimu wa Mwanza hana haja ya kwenda mbali. Wasukuma wanayo ngano yao.

Muhtasari

Zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote na mifugo yote ya duniani. Alisalia mama mjamzito mmoja, aliyejificha katika lundo la makapi. Akamzaa Masala Kulangwa, jina la mtu mwerevu aelewaye upesi. Mtoto alipokua aliuliza kwa nini wako wawili tu. Alipojibiwa, akaenda kulisaka zimwi. Alirudi akiimba kwa ushindi: ameua panzi! Mama akasema silo, wakamchoma wakamla. Safari nyingine akaleta ndege, kisha paa. Mwishowe akalikuta zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua, watu wakatoka. Kwa bahati mbaya kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye akamtukana mwokozi wake, akataka hata kumloga. Bibi akatafutiwa dawa. Kijana akatawazwa kuwa mtemi.

Hatua za somo (Darasa la Nne, dakika 40)

1. Simulia, usisome kitabuni. Kila windo liletwapo, nyamaza kidogo, uulize: "Je, hili ndilo?" Watoto watacheka. Kicheko hicho chaonyesha kuwa wanayapima madai wenyewe.

2. Uliza: kijana angelijuaje zimwi, naye hajapata kuliona? Wanafunzi watatambua kuwa hakuwa mpumbavu. Alikosa maarifa tu.

3. Gawa makundi yajadili: je, bibi alikuwa na haki ya kukasirika? Kila kundi litoe sababu. Usiwaharakishe kukubaliana.

4. Kazi ya nyumbani: wawaulize wazee wanavyoisimulia ngano hii. Neno likipatikana kwa Kisukuma tu, darasa zima litafute la Kiswahili.

Jambo la kuzingatia

Katika ngano hii mwalimu ni mama. Tazama njia yake. Mwanawe alipoleta panzi, hakumsifu kwa uongo, wala hakumdhihaki, wala hakumchapa. Alisema kweli, akakitumia kilicholetwa, akamwacha atoke tena. Lau angemwaibisha siku ile, kijana asingelitoka tena, na ulimwengu ungalibaki tumboni mwa zimwi.

Nawe mwalimu mwanafunzi, utakapoanza mazoezi ya kufundisha, mtoto atakuja ubaoni na jibu lisilo sahihi, huku akifurahi. Huyo ameleta panzi. Mweleze kuwa silo, tafuta katika jibu lake kilicho sawa, kisha mpe swali jingine. Ukimchekesha darasa zima, kesho hatanyoosha mkono.