Dondoo muhimu: Fuateni mwendo wa gari dhaifu

Mkipanga wikendi ya magari na mahema katika milima ya Aberdare, Kenya, kubalianeni kwanza kwamba msafara utafuata mwendo wa gari dhaifu kuliko yote. Barabara nyingi za huko ni za udongo; mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu, na hata gari linalovuta kwa magurudumu manne hukwama. Kila dereva amwone wa nyuma yake kwenye kioo, asipomwona, asimame. Kwenye mteremko mkali ashuke kwa gia namba moja au mbili, asikanyage breki mfululizo hadi zipate moto.

Wapo watakaosema gari lenye nguvu litangulie, likasimamishe mahema kabla ya giza. Hoja hiyo ina uzito, maana juu ya mita 3,000 baridi ya usiku ni kali, na nyati na tembo hupita humo. Lakini gari hilo ndilo la kumvuta aliyekwama. Likiwa mbali, kamba yake haimfai mtu. Dawa ni kuondoka alfajiri, si kutawanyika. Gawanyeni kamba, koleo na maji katika magari yote, na gari imara likae nyuma. Mmeondoka pamoja, fikeni pamoja.