SOMO LETU: KAZI NA TABIA ZA WAFANYAO KAZI

Ndugu zetu wasomaji, vijana wetu wengi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wasoma siku hizi elimu ya uendeshaji wa kazi. Nyeri kipo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na Karatina nao wana chuo kikuu chao. Elimu hiyo yatafuta jawabu la swali moja: kwa nini watu wakusanyikapo kazini hufanya yale wayafanyayo? Wengi wetu tunalo jawabu tayari: huyu mvivu, yule mkaidi, yule si mwaminifu. Makusudi ya somo hili ni kuonyesha kwamba jawabu hilo mara nyingi ni pungufu, na upungufu wake huwadhulumu watu.

Tuanze na jambo tulionalo kwa macho. Kiwanda cha Ragati, kilichofunguliwa mwaka 1957, kilikuwa cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo katika Kenya. Shughuli hiyo ikaja kuwa chini ya KTDA, iliyoundwa mwaka 1964 na kugeuzwa kampuni mwaka 2000. Lakini sharti la uchumaji ni lile lile: chipukizi moja na majani mawili. Majani magumu hukataliwa kituoni. Ama mkulima mwenye vibarua, yeye huwalipa kwa kilo, na jani kubwa hujaza kikapu upesi. Basi kibarua huambiwa kwa mdomo, "Chuma laini," na kwa malipo huambiwa, "Jaza kikapu." Akijaza, huitwa mkaidi. Je, kosa ni la nani?

Malipo ya namna hiyo yana wanazuoni wake. Mmarekani Frederick Taylor alitoa kitabu mwaka 1911 akisema kwamba kila kazi inayo njia moja iliyo bora, nayo sharti itafutwe kwa kupima, wala si kwa kubahatisha. Kisha mfanyakazi alipwe kwa kadiri ya atendavyo. Faida yake ni kwamba alifundisha watu kupima. Kasoro yake ni kwamba kazi ya kufikiri aliwaachia wasimamizi peke yao, na mfanyakazi akamdhania kuwa husukumwa na ujira tu.

Kasoro hiyo ilidhihirika katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, ambako utafiti ulianza mwaka 1924 ukaendelea mpaka 1932. Baadhi ya majaribio yake, khasa yale ya mwanga wa taa, wanazuoni wa baadaye wameyatilia shaka. Lakini liko moja la kuzingatiwa. Katika miaka ya 1931 na 1932 wanaume 14 walitazamwa katika chumba kimoja. Malipo yao yalikuwa hivi, kwamba kundi likizidisha kazi lazidishiwa ujira. Hata hivyo walijiwekea mpaka wao wenyewe. Azidishaye hudhihakiwa na kupigwa ngumi ya mkono, na apunguzaye mno hulaumiwa. Walichelea kwamba wakizidisha, kiwango cha malipo kitashushwa, au baadhi yao watafukuzwa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba pamoja na sheria zilizoandikwa, kila mahali pa kazi pana sheria nyingine isiyoandikwa, nayo huenda ikawa na nguvu zaidi.

Mwaka huo huo wa 1911 Robert Michels, Mjerumani, alieleza jambo la tatu: kwamba hata vyama vinavyodai usawa huishia mikononi mwa wachache, kwa kuwa wachache hao ndio wenye daftari, wenye wakati, na wenye ufasaha wa kusema. Mwanachama wa ushirika wa kahawa ni mwenye mali. Lakini mwenye habari ni karani na halmashauri. Asiye na habari hawezi kuuliza vizuri.

Wala tusiwaseme wengine tu. Twaikumbuka kamati moja ya madrasa tuliyokuwamo sisi wenyewe. Mwalimu alichelewa kuanza kila Jumamosi, nasi tukamkata mshahara mara mbili. Mwezi wa tatu mmoja wetu akamwuliza. Kumbe ufunguo wa mlango ulikaa kwa mweka hazina, naye hufika apendapo! Mwalimu hakusema, kwa kuwa hatukumpa mahali pa kusema. Fedha tulimrudishia, lakini mwisho wa mwaka akaondoka, na wanafunzi wake wakatawanyika. Tuliuhukumu moyo wa mtu kabla hatujauliza habari za ufunguo.

Hatusemi kwamba wavivu hawako. Wako, na mwenye kupokea ujira amechukua amana. Lakini mwenye kuamuru naye anayo amana yake, na kushauriana ni amri ya dini yetu kabla haijawa somo la vyuo. Kabla ya kumlaumu mtu, basi, tujiulize mambo matatu. Kwanza: je, malipo yasema sawa na amri? Pili: ni desturi gani iliyo kati ya wafanyakazi isiyoandikwa, na ilizaliwa na hofu gani? Tatu: aliye chini anapo mahali pa kusema bila ya kuogopa?

Katika darasa lijalo kila mmoja alete mfano mmoja wa kazini kwake, pasipo kutaja jina la mtu, tuupime kwa maswali hayo matatu. Na aliye msimamizi aanze na mfano wa kosa lake mwenyewe.