Mchuzi Peke Yake Haumkuzi Mtoto: Upishi wa Mlo wa Familia Wenye Lishe kwa Gharama Ndogo

Iringa, Njombe na Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania. Mahindi, maharage na viazi hutoka huko kwa malori kwenda masoko ya mbali. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na kwamba Njombe na Rukwa zinakaribia kiwango hicho, ilhali wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake, na ufupi huo ni alama ya nje tu ya hasara iliyo ndani. Ubongo hukua kwa kasi zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka 2, na kinachopotea wakati huo ni vigumu kukirudisha baadaye.

Sababu za udumavu ni nyingi. Kuhara kwa mara kwa mara, maji yasiyo safi, afya ya mama wakati wa ujauzito na wingi wa kazi zake za shambani zote zimo. Lakini sehemu moja ya tatizo ipo mahali pafupi sana, yaani kati ya chungu cha familia na bakuli la mtoto. Chakula kipo na kimepikwa, ila kinachomfikia mtoto ni kile chenye lishe ndogo kuliko vyote vilivyomo chunguni. Sehemu hiyo inaweza kurekebishwa bila kuongeza fedha nyingi.

Tumbo dogo na uji mwepesi

Tumbo la mtoto mchanga na mdogo hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa miezi 9 mwenye kilo 8 na nusu hushiba, basi, kwa robo lita ya uji. Mtoto wa umri huo, mbali na maziwa ya mama, anahitaji kupata takriban kilokalori 300 kwa siku kutoka katika chakula cha nyongeza.

Uji mwepesi unaomiminika kama maji huwa na unga wa takriban gramu 8 katika kila mililita 100. Robo lita yake inatoa kilokalori 70 hivi. Mtoto atakunywa, tumbo litajaa, atalala, na mama atasema kwa haki kabisa kwamba mwanawe ameshiba. Lakini mtoto huyo angehitaji bakuli nne za namna hiyo au zaidi ili afikie mahitaji ya siku moja, na akina mama wengi hawana nafasi ya kupika na kulisha mara zote hizo.

Uji huohuo ukipikwa mzito, kiasi cha kushikamana na kijiko kinapoinamishwa, robo lita yake hufikia kilokalori 130. Ukiongezwa kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa laini, bakuli moja linapita kilokalori 200. Pasipo karanga, kijiko cha chai cha mafuta ya kula huongeza takriban 40. Mara nyingi uji mwepesi hupikwa ili mtoto ameze kwa urahisi, wala si kwa sababu unga umekwisha, na hapa ndipo kimea kinapofaa.

Wapika pombe za kienyeji wanakijua kimea tangu zamani, na katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania walikichunguza kama msaada wa chakula cha watoto. Ulezi huoshwa, hulowekwa usiku mmoja, huchujwa, kisha hufunikwa kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku mbili hivi mpaka uote. Baada ya hapo huanikwa juani hadi ukauke vizuri, vichipukizi vikafikichwa na kupepetwa, na mbegu zikasagwa. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyokata wanga katika vipande vidogo. Uji mzito ukiepuliwa na kuachwa upoe kidogo, ukiwa bado na moto lakini hauchemki, kijiko cha chai cha unga wa kimea kikikorogwa ndani yake huulainisha kwa dakika chache. Uji unanyweka ilhali unga wote umo. Kisha hurudishwa jikoni uchemke tena ili kuua vijidudu.

Baadhi ya wazazi husita kwa kuwa kimea kwao ni kitu cha pombe. Wasiwasi huo hauna msingi, maana uji huu hauchachushwi na haugeuki kuwa kileo. Tahadhari ya kweli ni nyingine: mtama haufai kwa kazi hii nyumbani, kwa sababu machipukizi yake hubeba kemikali inayoweza kutoa sumu ya sayanidi. Ulezi ni salama zaidi. Mbegu zilizoota ukungu hutupwa zote.

Mchuzi na kilichomo ndani ya mchuzi

Mazungumzo ya kliniki mara nyingi huenda hivi. Muuguzi anaangalia kadi, anaona mstari wa ukuaji umelala, anauliza, "Mama, mtoto anakula nini?" Mama anajibu, "Anakula kila kitu, nesi. Jana tulikula ugali na dagaa." Wengi huishia hapo, wakaandika kwamba mlo ni mzuri. Swali linalofuata ndilo lenye faida: "Na yeye mwenyewe aliwekewa nini bakulini?" Hapo jibu hubadilika: "Ugali na mchuzi, nesi. Dagaa wana miiba."

Mchuzi wa dagaa, supu ya nyama na maji ya maharage vina ladha na chumvi, lakini protini, madini ya chuma na zinki kwa sehemu kubwa hubaki katika dagaa, nyama na maharage yenyewe. Mtoto anayelishwa mchuzi kwa mwaka mzima amekaa karibu na chakula bila kukila. Desturi za mezani huongeza uzito: mnofu ni wa wakubwa, firigisi ni ya baba, na wadogo wanaokula sinia moja na kaka zao huwa bado wanatafuna tonge la kwanza wakati kitoweo kimekwisha. Si lazima kugombana na desturi. Inatosha mtoto mdogo kupakuliwa wa kwanza, katika bakuli lake mwenyewe, ili mama aone kwa macho kiasi alichokula.

Kuhusu miiba, suluhisho ni kinu. Dagaa wakavu hutolewa vichwa, kwani huko ndiko kuna uchungu na mchanga mwingi, kisha huoshwa haraka kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa, hukaangwa bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wakauke na kuvunjika kirahisi, halafu hutwangwa na kuchekechwa. Unga huo ukihifadhiwa katika chombo kikavu chenye mfuniko, kijiko kimoja cha chakula huingia katika uji, viazi vilivyopondwa au mchuzi wa maharage. Kwa kuwa dagaa huliwa na mifupa yake, mtoto hupata pia kalsiamu, na hakuna nyama ya bei hiyo inayompa yote hayo kwa pamoja.

Chungu cha makande

Makande ni mfano mzuri wa hekima iliyotangulia maabara. Protini ya mahindi imepungukiwa na asidi amino iitwayo laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi. Maharage nayo yamepungukiwa na ile iitwayo methionini, ambayo mahindi yanayo. Zikiliwa pamoja, protini hizo mbili hukaribia ubora wa ile ya nyama. Tui la nazi au karanga zilizotwangwa huongeza nishati na utamu, na hicho ndicho kinachowafanya watoto warudie sahani. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupondewa, kwa kuwa punje nzima ya mahindi humpita tumboni kama ilivyoingia.

Maharage na mahindi vina faiteti, kemikali zinazong'ang'ania madini ya chuma na zinki mwili usiyapate. Kuloweka usiku kucha na kumwaga maji yale hupunguza tatizo hilo, na maharage yaliyolowekwa huiva upesi, hivyo mkaa au gesi hubaki. Chungu kimoja cha maharage hutosha siku mbili kikipashwa moto mpaka kichemke. Siku ya kwanza huliwa kwa wali au ugali, ya pili hupondwa na viazi vitamu au ndizi za kupika. Ndimu ikikamuliwa juu ya chakula baada ya kuepuliwa, vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Ikichemshwa sana vitamini hiyo huharibika. Chai hufanya kinyume chake. Chai ya rangi anayopewa mtoto pamoja na chakula hupunguza chuma anachokipata, na ni heri anywe maji safi, au uji wenyewe uwe ndio kinywaji cha asubuhi.

Mboga za majani huoshwa kabla ya kukatwa, hupikwa kwa muda mfupi, na maji yake hayamwagwi. Kisamvu hakimo katika kanuni hiyo: lazima kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu ili sumu yake itoke. Mafuta kidogo, nazi au karanga katika mboga si anasa, kwani karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Viazi lishe vyenye rangi ya chungwa, maboga na maembe ya msimu hutoa vitamini hiyohiyo kwa ladha ambayo watoto hawahitaji kubembelezwa nayo.

Unga wa nafaka nyingi

Kuna imani iliyoenea kwamba unga wa mtoto ukichanganywa mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano na mchele, pamoja na soya na karanga, unakuwa bora zaidi. Gharama inapanda, faida haipandi. Nafaka sita ni wanga wa aina sita, na moja au mbili zinatosha. Soya isiyokaangwa vizuri huzuia usagaji wa protini tumboni. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka na kukaa wiki kadhaa huharibika mafuta, na punje mbovu hazionekani tena. Ni afadhali karanga ziingie siku uji unapopikwa.

Suala la punje mbovu si dogo. Sumukuvu hutokana na ukungu katika mahindi na karanga zisizokauka vizuri, wala moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 mlipuko wa ugonjwa uliotokana na sumu hiyo uliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu hutupwa. Hata kuku na ng'ombe hawapewi, kwa kuwa sumu hurudi kwa familia kupitia mayai na maziwa.

Mtoto anayekataa

Chakula chenye lishe kisicholiwa hakina lishe. Ni kawaida mtoto kukikataa chakula kipya, na huenda kikahitaji kuonjeshwa mara 8, 10 au zaidi kabla hajakizoea. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu, wakahitimisha kwamba hapendi mboga. Kumshika pua, kumlaza na kummiminia uji kwa nguvu ni hatari, kwa kuwa chakula chaweza kuingia katika njia ya hewa, na humfundisha kuchukia mlo. Kijiko kimoja cha kitu kipya kando ya anachokipenda, bila ugomvi, hufanya kazi bora.

Harufu ya dagaa hupungua wakikaangwa kwanza kwa vitunguu na nyanya. Mchicha, ambao si mchungu, hutangulia, na mnafu au mchunga hufuata mtoto akishakua, ukiwa umeungwa kwa karanga. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kuachwa usiku huwa vitafunio vya shule vinavyopendwa zaidi ya andazi. Biskuti na juisi za pakiti ndizo adui wa bakuli, maana mtoto aliyekula sukari saa nne hana njaa saa saba. Familia inayouza mayai ya kuku wake ili inunue biskuti imebadilisha kilicho bora kwa kilicho duni, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuifanyia hesabu hiyo.

Wakati chakula cha nyumbani hakitoshi

Yapo mazingira ambayo ushauri wa upishi haupaswi kutangulia. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimita 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili kiasi cha kidole kuacha shimo kinapobonyezwa, ana utapiamlo mkali na hupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Aliye kati ya sentimita 11.5 na 12.5 huandikishwa kwa ufuatiliaji wa karibu. Mtoto anayekula vizuri na bado haongezeki uzito huchunguzwa kifua kikuu, maambukizi ya VVU na minyoo. Kwa wengine wote, mhudumu huomba katika hudhurio linalofuata mama aje na bakuli analotumia nyumbani, amwonyeshe kwa mkono kiasi cha chakula alichompakulia mtoto jana, kitoweo kikiwemo.