Sababu za Kuvimba Kiwele cha Ng'ombe

Wenye ng'ombe wa Nyakahura, na wa Biharamulo na Ngara pia, waijua hasara ya kiwele kilichovimba: maziwa ya watoto hupungua, na chuchu moja yaweza kukauka kabisa. Wako wasemao, "Ni jicho la mtu." Wengine hukimbilia dukani kununua dawa yo yote. Lakini atakaye kuponya hana budi kutafuta sababu kwanza.

1. Tuanze kwa macho na mikono. Kabla ya kukamua, matone ya kwanza ya kila chuchu na yamiminwe juu ya kitambaa cheusi. Tukiona mabonge, usaha au damu, ugonjwa upo. Tena kiwele kigonjwa huwa kigumu na cha moto, na ng'ombe huruka akiguswa.

2. Upo na ugonjwa uliojificha, kiwele kikionekana kizima na maziwa meupe. Huu hufunuliwa na kipimo cha California, kilichotokea mwaka 1957. Maziwa ya kila chuchu hutiwa katika kikombe chake pamoja na dawa ya kipimo, kadiri ile ile, kisha huzungushwa. Yakiganda kama uji mzito, robo ile ya kiwele ni gonjwa.

3. Kipimo hicho chasema kwamba ugonjwa upo. Hakisemi umeletwa na nini. Vijidudu vingine, kama stafilokokasi, hukaa katika viwele vigonjwa, na huhamishwa kwa mikono ya mkamaji na kwa kitambaa kimoja. Vingine, kama koli, hutoka katika mavi na matope ya zizi. Bassi, ugonjwa ukifuata zamu ya kukamua, tuangalie mikono; ukizidi wakati wa masika, tuangalie zizi.

4. Jina la kijidudu hujulikana katika maabara. Bwana mifugo husafisha chuchu kwa spiriti, hukinga maziwa katika chupa iliyochemshwa, na huyapeleka yakiwa baridi. Jambo hili lafanywa kabla ng'ombe hajapewa dawa, maana dawa huficha kijidudu.

Ng'ombe mgonjwa akamuliwe wa mwisho. Na maziwa ya ng'ombe anayetibiwa yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku alizoagiza bwana mifugo zimekwisha. Kumwuzia jirani maziwa yenye dawa ni kumdhulumu.

Maswali: Kwa nini twatumia kitambaa cheusi? Kwa nini maziwa ya kupimwa hutangulia dawa?