Polisi Akigeuka Meya: Somo Kutoka Houston

Ndugu zetu wana vikundi, somo la safari hii linahusu uongozi. Lisomwe kwa sauti na mtu mmoja, polepole, na mkifika penye swali simameni mjadiliane kwanza. Msikimbie. Kama hamtalimaliza siku moja, litawangoja mpaka mkutano ujao.

Tumelichagua kwa sababu ya jambo tunaloliona kila tunapozunguka vijijini. Kikundi cha maji kikitafuta mwenyekiti, au shule ikitafuta mtu wa kamati, macho ya watu huenda kwa askari mstaafu. Utasikia, "Huyu alikuwa sajini, anajua amri, wezi watamwogopa." Pengine ni kweli. Lakini kuogopwa na wezi ni jambo moja, na kuongoza watu ambao si wezi ni jambo lingine. Hebu tumwangalie mtu mmoja aliyepita njia hiyo kutoka chini mpaka juu, tuone alichoweza na kilichomshinda.

Lee Patrick Brown alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa Wewoka, jimbo la Oklahoma, Marekani. Wazazi wake walikuwa watu weusi maskini, vibarua wa mashambani. Wakahamia California kutafuta riziki, na yeye akiwa kijana mdogo alichuma mazao pamoja nao. Alikuwa hodari wa mpira wa Kimarekani, na mpira ndio uliomlipia karo ya chuo kikuu. Mwaka 1960 akaingia polisi katika mji wa San Jose, askari wa kawaida. Alikaa huko miaka minane, na muda huo wote hakuacha kusoma. Mwaka 1970 akapata shahada ya udaktari katika elimu ya uhalifu. Kwa hiyo mkisikia akiitwa "Daktari Brown" msifikiri alikuwa akidunga watu sindano.

Baada ya hapo alifundisha vyuoni, akawa sherifu katika Oregon, na mwaka 1978 akaitwa Atlanta kusimamia usalama wa mji mzima, polisi na zimamoto pamoja. Hapo ndipo alipopata mtihani wake wa kwanza mkubwa. Kati ya 1979 na 1981 watoto na vijana weusi zaidi ya 25 waliuawa katika mji huo, mmoja baada ya mwingine. Akina mama wa watoto hao waliona polisi wanajikokota. Hawakukaa kulia tu nyumbani. Mwaka 1980 walianzisha kamati yao wenyewe, wakaenda kwa waandishi wa habari, wakapiga kelele mpaka nchi nzima ikasikia. Polisi nao wakaunda kikosi maalum katikati ya mwaka huo. Mwaka 1981 mtu mmoja akakamatwa, na mwaka 1982 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kuua watu wazima wawili. Kesi nyingi za watoto polisi walizifunga wakisema ni kazi yake, lakini wazazi kadhaa hawakuridhika, na mwaka 2019 meya wa Atlanta aliagiza ushahidi wa zamani upimwe upya. Angalieni vizuri hapo: mkuu wa usalama alikuwa mtu mweusi, msomi, mwenye nia njema, na bado ilibidi akina mama wajipange.

SWALI: Hapa kwetu likitokea jambo baya, nani huenda kituoni kuuliza limefika wapi? Huenda mtu mmoja mmoja au huenda kikundi?

Mwaka 1982 Brown akaenda Houston, jimbo la Texas, mji mkubwa wa mafuta ya petroli. Meya Kathy Whitmire alimteua kuwa mkuu wa polisi, mtu mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo pale. Wananchi weusi na wenye asili ya Meksiko walikuwa na uchungu na polisi. Mwaka 1977 askari walikuwa wamempiga kijana mmoja, mwanajeshi wa zamani, kisha akaishia mtoni akafa maji. Mahakama ya jimbo iliwapa askari wawili kifungo cha nje na faini ya dola moja. Ndiyo, dola moja. Mtu aliyeona hukumu ile angepiga simu polisi akiibiwa? Angewezaje kuwaeleza anachokijua?

Brown alisema polisi wasingoje kuitwa tu. Wawe na mtaa wao, wajue watu wake, wakae nao kwenye mikutano ya kila mwezi. Huu ndio mtindo ambao sisi hapa Kenya tunauita ulinzi shirikishi, na ambao sheria ya polisi ya mwaka 2011 imeuwekea kamati zake. Nyumba Kumi, iliyotangazwa na serikali mwaka 2013, ni ndugu yake, ingawa hiyo ilichukua mfano wa Tanzania.

Mwaka 1983 na 1984 Houston ilikubali mambo hayo yapimwe na watafiti, na hapa tunaomba mkae kitako kwa sababu matokeo yake yana faida kubwa kwa vikundi. Walijaribu njia kadhaa za kupunguza hofu ya watu katika mitaa mbalimbali. Mtaa mmoja ulifunguliwa ofisi ndogo ya polisi, karibu na maduka, mtu aingie bila woga. Mwingine, askari walibisha hodi nyumba kwa nyumba wakiuliza, "Shida yenu ni nini?" Mwingine walisaidia wakazi kuunda kikundi chao. Kwingine walipigia simu watu walioibiwa kuwapa pole, na kwingine walituma jarida la habari majumbani.

Zile tatu za kwanza zilipunguza hofu. Simu za pole hazikuleta faida iliyotazamiwa. Na jarida halikubadilisha kitu! Sisi tunaoandika jarida hili tumelimeza hilo kwa shida kidogo, lakini ndivyo ilivyo. Karatasi haishindi mtu aliyefika mlangoni.

Kuna jambo la pili lililoonekana, na hili ni zito zaidi. Walionufaika zaidi walikuwa wazungu na wenye nyumba zao. Watu weusi na wapangaji, ambao ndio waliohitaji zaidi, hawakupata sawasawa na wenzao. Mpango mzuri ukiletwa, wa kwanza kuusikia ni yule ambaye tayari ana nafasi ya kusikia. Askari akibisha mchana, nani yuko nyumbani? Mkutano ukifanyika, nani ana nguo ya kwenda nao? Tumeyaona haya haya katika miradi ya mbuzi wa maziwa.

SWALI: Katika kikundi chetu, nani huwa wa mwisho kupata habari? Mjane? Mpangaji? Yule anayeishi ng'ambo ya mto? Tajeni hali, si majina.

Askari wenyewe hawakupenda wote. Wengine waliona wanageuzwa kuwa wafanyakazi wa ustawi wa jamii (kazi ambayo sisi hatuoni aibu nayo), na herufi za kwanza za jina la mpango wakazifanyia mzaha, ati maana yake hakuna mtu anayefanya doria.

Mwaka 1990 akapelekwa New York kuwa kamishna wa polisi chini ya meya David Dinkins. Tutapita haraka. Aliongeza askari wa kutembea kwa miguu mitaani, lakini Agosti 1991 kulizuka fujo Crown Heights kati ya Wayahudi na watu weusi, polisi wakashindwa kuizima kwa siku tatu. Ripoti ya serikali ya jimbo ya mwaka 1993 iliwalaumu meya na kamishna wote wawili. Wakati huo Brown alikuwa ameshaondoka. Aliacha kazi mwaka 1992 kwa sababu mke wake alikuwa anaugua saratani, na mama huyo alifariki mwaka huo huo. Baadaye Rais Clinton akampa kazi ya kuongoza vita dhidi ya dawa za kulevya, kuanzia 1993 hadi mwisho wa 1995.

Haya, sasa umeya. Sisi Wakenya tulikuwa na mameya mpaka serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, na wao walichaguliwa na madiwani. Houston ni tofauti. Meya anapigiwa kura na wananchi wenyewe na ana mamlaka makubwa. Yeye ndiye humteua mkuu wa polisi na kupanga ajenda ya baraza. Lakini wakati wa Brown kipindi kilikuwa miaka miwili tu, na mtu hakuruhusiwa kupita vipindi vitatu. Tena mkaguzi wa fedha za mji anachaguliwa kwa kura yake mwenyewe. Meya hawezi kumfukuza.

Brown alishinda mwishoni mwa 1997 katika duru ya pili, akawa meya mweusi wa kwanza wa mji ule. Akachaguliwa tena 1999, na 2001 akapenya kwa kura chache. Kazi zilionekana. Viwanja vikubwa vya michezo vilijengwa, na treni ya umeme ya kilomita kama 12 ikaanza kubeba watu tarehe 1 Januari 2004, siku alizokuwa akimaliza kazi. Juni 2001 dhoruba iliyoitwa Allison ilileta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 20 na kuingia hata hospitalini. Hapo mazoea ya amri na mpangilio yana msaada, hatuwezi kukataa.

Lakini angalieni mahali alipoumia. Hakuumia kwenye treni. Aliumia kwenye polisi, yaani nyumbani kwake. Agosti 2002 askari walivamia uwanja wa maegesho ya duka moja, wakisema wanazuia vijana wanaoshindana kwa magari barabarani. Wakakamata watu zaidi ya 270, wakiwemo waliokwenda kununua chakula tu. Mashtaka yakafutwa, mji ukashtakiwa. Mwezi Desemba mwaka huo ukaguzi ukagundua kwamba maabara ya polisi ilikuwa ikipima ushahidi ovyo. Paa lake lilikuwa likivuja mvua. Sehemu ya vipimo vya damu na chembechembe za mwili ikafungwa, na mwaka 2003 kijana aliyekuwa gerezani zaidi ya miaka minne kwa sababu ya kipimo kibaya akatolewa. Uchunguzi huru uliokamilika mwaka 2007 ulisema maabara ile ilinyimwa fedha na usimamizi kwa miaka 15 au zaidi. Hesabuni wenyewe ni mameya na wakuu wa polisi wangapi walipita hapo.

Sisi tunaona hivi: mtu huacha kukagua mahali anapodhani anapajua. Fundi haangalii paa lake.

Wapo waliokwenda njia mbaya kabisa. Frank Rizzo alikuwa kamishna wa polisi wa Philadelphia, mkali sana, akawa meya kuanzia 1972 hadi 1980. Mwaka 1973 alikubali kupimwa na mashine ya kugundua uongo, huku akiisifu kwamba haikosei, na mashine ikasema ameongopa. Mwaka 1978 alitaka katiba ya mji ibadilishwe agombee kipindi cha tatu mfululizo, wananchi wakakataa. Mwaka 1979 serikali kuu ya Marekani iliushtaki mji kwa sababu ya ukatili wa polisi. Yeye na Brown walivaa kofia moja, lakini mmoja aliuliza watu shida zao, mwingine aliwaambia.

KAZI YA MKUTANO UJAO: Katibu alete katiba ya kikundi na asome kifungu cha muda wa viongozi. Kama hakipo, andikeni. Kisha mjibu bila kuoneana haya: mweka hazina wetu alichaguliwa na wanachama, au alichukuliwa na mwenyekiti?