Ng'ambo ya Kisiwa: Kisauni, Likoni na Changamwe katika Utalii wa Kitamaduni

Utangulizi

Mgeni afikapo Mombasa huonyeshwa Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha vichochoro vya Mji wa Kale, na mwishowe hupelekwa ufuoni. Ng'ambo ya kisiwa huwa ni njia ya kupitia tu. Hupita Changamwe akitoka uwanja wa ndege, hupita Kisauni kuelekea hoteli za kaskazini, na hupanda feri ya Likoni aendapo Diani. Makala haya yanajadili kwamba ng'ambo hizo tatu zina urithi unaostahili kutembelewa, na kwamba urithi huo umefungamana na historia ya Kiswahili chenyewe.

Kengele na kitabu

Katika makutano ya barabara huko Kisauni ipo kengele kuukuu. Mahali hapo huitwa Kengeleni, yaani nomino "kengele" iliyoambishwa kiambishi cha mahali "-ni". Kengele hiyo ni kumbukumbu ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru, yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875. Jina lilitokana na Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Inasimuliwa kuwa kengele ililizwa kuwatahadharisha wakazi kila walipohofia kuvamiwa.

Wakazi hao hawakuwa wa kabila moja. Walikuwapo Wayao, Wamakua na watu wa pande za Ziwa Nyasa; walikuwapo pia Waafrika waliolelewa Nashik, India, baada ya kuokolewa baharini. Kiswahili kikawa kiungo chao. Mwana wa jamii hiyo, James Mbotela, ndiye aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na kuhesabiwa miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ya Kiswahili iliyoandikwa na Mwafrika wa Kenya. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Hata hivyo, msomaji anayesimama Kengeleni akiwa amekisoma huelewa kwa nini mtoto wa mateka angeandika hivyo, hata asipokubaliana naye.

Karibu na hapo, upande wa Nyali, upo mnara wa kumkumbuka Johann Ludwig Krapf. Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka uo huo akamzika mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga katika ardhi hiyo. Sarufi yake ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1850. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Msingi wa kamusi hiyo ni Kimvita, lahaja isemayo "mato" na "ndia" badala ya "macho" na "njia". Inafaa kukumbukwa kuwa ni mjini Mombasa, katika mkutano wa mwaka 1928, ambapo Kiunguja kilipendekezwa kuwa msingi wa usanifishaji. Kimvita kilishindwa kikiwa nyumbani.

Majina kama makumbusho

Majina ya mahali nayo yanahifadhi mengi. Kongowea, ambayo leo inajulikana kwa soko lake kubwa, ni mojawapo ya majina ya kale ya Mombasa, na mapokeo hulihusisha na Mwana Mkisi, malkia anayesemekana kutawala kabla ya Shehe Mvita. Changamwe ni jina la mojawapo ya Taifa Tatu, pamoja na Kilindini na Tangana. Jomvu, jirani yake, ni miongoni mwa Taifa Tisa, na Wajomvu wana lahaja yao. Mkondo ambao feri ya Likoni huuvuka ni wa Kilindini, "penye kilindi". Huko Mtongwe, mkondo uo huo una kumbukumbu ya majonzi: tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama na watu 272 wakafariki.

Hitimisho

Ufuo wa bahari unajiuza wenyewe, jina halijiuzi. Lisipoelezwa hubaki kuwa kituo cha matatu. Wazee wanaojua masimulizi ya Jomvu na Kongowea wanapungua, na maelezo ya mwongozaji asiyewahi kuwasikiliza hayawezi kuziba pengo hilo. Kazi ya kuwarekodi inamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kabla ya mtu mwingine yeyote, kwani ndiye mwenye taaluma ya isimu na fasihi simulizi.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha muundo wa majina Kengeleni na Kilindini. Yanatueleza nini kuhusu jinsi Waswahili wanavyoita mahali?
2. Je, *Uhuru wa Watumwa* kisomwe kama historia, fasihi au vyote viwili? Toa sababu.